Jino Lililosimamisha Majembe

Mume wangu alifukiwa hadi kifuani saa nne asubuhi, ndani ya shimo la udongo la kiwanda cha matofali. Nilikuwa nimejitwika karai nikipanda juu. Nilisikia ukingo ukishuka, na nilipogeuka nikaona kichwa, mkono mmoja na kofia.

Wenzake wakamkimbilia. Shemeji yangu, mdogo wake, alichimba mara tatu tu, jembe likagonga kitu kigumu. Akakitoa: jino la kahawia, kubwa kama pasi ya mkaa.

"Majembe chini!" msimamizi akapaza sauti.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya shimo letu. Mwaka uliotangulia wachimbaji walikata kaburi bila kujua, ndugu wa marehemu wakaja kulia pale ukingoni. Tangu hapo, ukikuta mfupa wa mtu, hakuna kuchimba mpaka wakubwa wa kiwanda waje waone. Wakatumiwa mjumbe. Wangefika alasiri.

"Na huyu je?" nikauliza.

"Mama, hilo ni jino la jitu. Hapa pamezikwa watu wa kale. Tukiwavuruga, nani atajibu?"

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alivua koti lake akamfunika mume wangu kichwa, jua lisimchome. Lakini majembe yalibaki chini.

Nikateremka nikakaa kando yake. Maji yalichuruzika kutoka ukutani yakimzunguka taratibu. Kila alipotoa pumzi, udongo ulimbana zaidi.

"Wanavyonimwagilia hivi," akasema, "nitaota majani."

"Nyamaza, tunza pumzi."

"Mama watoto, haiingii."

Mzee mchoma matofali, ambaye kwa kawaida hakumsalimia mtu, alishuka na kopo akaanza kuyachota maji. "Kuteka maji si kuchimba," akamwambia msimamizi, wala hakuinua macho. Sijamsahau.

Lakini maji yalimshinda, yakamfika mume wangu kwapani. Kwa hasira nikalinyakua lile jino nilitupe. Uzito wake ukanisimamisha. Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, na mlango wa kwetu ulizuiliwa usijifunge kwa gego la tembo. Nilijigonga vidole vya miguu kwalo utoto wangu wote. Lile lilikuwa na mistari kama matuta ya shamba. Hili lilikuwa na vinundu, viwili viwili. Ila mizizi ilikuwa minene vilevile, na vinundu vya mbele vimelika, bapa kama jiwe la kusagia.

"Msimamizi, shuka ulishike! Ni mtu gani anatafuna matawi mpaka jino linalika hivi? Huyu ni mnyama. Ni jamaa wa tembo, hata kama tembo wenyewe hawamjui."

Alishuka, akapitisha kidole juu ya vinundu, akaliweka shavuni mwake.

"Ukiwa nayo thelathini na mawili ya hivyo," shemeji akasema, "kichwa utakipitisha mlango gani?"

Msimamizi hakucheka. "Na kama umekosea, mama?"

"Nitasimama mimi mbele yao."

Akaokota jembe yeye mwenyewe.

Tulimtoa adhuhuri, akiwa hai, bila buti la kushoto. Baadaye wataalamu walikuja wakasema ni mnyama wa ukoo wa tembo, aliyetoweka zamani sana. Jino walilichukua, wakatuachia mfano wake wa plasta.

Mpaka leo mume wangu hawezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa, kwa hiyo mfano ule ndio unaozuia mlango wetu usijifunge. Wajukuu wanajigonga vidole kwao, wananilalamikia. Nawapaka mafuta, lakini siuondoi.