Ng'ambo Ipi?

Mvua ile haikuwa na adabu. Inakupiga usoni, ukigeuza uso inakufuata. Sikujua kama niko barabarani au mtaroni. Nilikanyaga pedali tu huku nikimsema mume wangu kwa sauti, ingawa alishanitangulia na hanisikii.

Wenzake wa karakana humwita Injini, kwa sababu hukohoa kwanza ndipo awake. Ana pumu. Mtu wa pumu, jamani, ndiye aliyeamua twende kwa binti yetu kwa baiskeli, safari ya siku kadhaa, katikati ya msimu wa mvua, eti kabla magoti hayajastaafu! Nami fundi cherehani mzima nikakubali, nikashona mifuko ya turubai ya kufunga nyuma ya baiskeli. Wa kwake akautoboa kwa koleo kabla hata hatujafika mbali. Basi kila kisichotakiwa kulowa kikahamia kwangu: simu zote mbili, vitambulisho, na dawa yake ya kuvuta. Njiani tulikuwa na lugha yetu. Baiskeli ikisimamishwa, tunaendelea. Ikilazwa chini, hapa ndipo tunapolala, hakuna ubishi.

Mnyororo wangu ulichomoka kwenye mteremko. Nilimwita, hakusikia. Nilipomaliza kuurudisha, vidole vyeusi tii kwa grisi, nikainua kichwa na Injini hayupo. Ndipo nikakumbuka dawa ninayo mimi. Nikapanda, nikateremka mbio.

Chini ya mteremko kulikuwa na duka. Mwenye duka alisimama juu ya stuli, mikono yote miwili imeshika bati lisipeperuke.

"Kaka, umemwona mwanamume mwenye koti la njano?"

"Huyo anayekohoa? Yuko ng'ambo."

"Ng'ambo?"

"Ng'ambo, dada! Kasema ukifika umfuate, kifua kimembana."

Akanielekeza kwa kidevu. Nikafuata kidevu. Mbele yake kulikuwa na barabara, kisha mvua tupu, kisha mngurumo wa mto. Sikuuliza tena.

Daraja lilikuwa fupi, halina kingo, na maji yalishaanza kulipanda. Nikaikumbatia baiskeli, nikavuka roho mkononi. Maji yakanifika vifundoni, kisha magotini. Nilimtukana Injini na kumwombea kwa pumzi moja.

Upande wa pili mama muuza mkaa alikuwa akifunika magunia yake.

"Mama, hapa ndiyo ng'ambo?"

Akanitazama juu hadi chini. "Ng'ambo ni kule ulikotoka, mwanangu."

"Kule wameniambia ng'ambo ni huku."

"Basi ulikuwa ng'ambo, ukaja ng'ambo. Unatafuta nini?"

"Natafuta mume."

"Ee! Na mvua yote hii?" Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Hajavuka mtu hapa tangu maji yaanze kupanda. Ni wewe tu."

Akili ikanihama. Kama hakuvuka, yuko wapi? Kachukuliwa na maji? Nikageuka nirudi, lakini daraja halikuonekana tena. Yalikuwa maji tu, mekundu, yanakokota matawi. Nikasimama na dawa mkononi, nikalia waziwazi.

Mvua ikapungua kidogo. Nikaliona duka. Na mkabala nalo, hatua chache tu kutoka pale niliposimama kumuuliza mwenye duka, nikaona jengo jeupe lenye kibao cha zahanati. Ng'ambo ya barabara! Lo, yule bwana alimaanisha ng'ambo ya barabara!

Koti la njano likatoka zahanati, likaenda dukani. Nikaona kidevu cha mwenye duka kikielekea mtoni. Injini akashika baiskeli yake, akaja mbio hadi ukingoni.

"Rudi!" Mto ukaimeza sauti yangu. Nikampungia mkono arudi, akadhani namwita, akaingia majini. Kuogelea hajui yule!

Sikuwa na la kufanya ila moja. Nikailaza baiskeli yangu kwenye tope, nikakaa chini kando yake, nikakunjua miguu kama niko sebuleni kwangu.

Akasimama. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. Akarudi nyuma taratibu, akailaza na yake, akakaa. Muuguzi akaja mbio kwa mwavuli, anamfokea. Injini akatoa kitu mfukoni, akakivuta mdomoni, kisha akakiinua juu nikione. Dawa kama ile niliyoishika. Nikainua ya kwangu.

Akapiga kelele maneno mengi. Nililoambulia ni moja tu: "...ng'ambo!"

"Ng'ambo ipi?" nikamjibu, nacheka na kulia. Lakini sasa nilijua. Niko ng'ambo yake, naye yuko ng'ambo yangu, na hakuna anayesogea.