Uzito wa Kasereka

Kabla adhana ya msikiti wa Kibuli haijasikika, benchi la jikoni lililia, ngiii, na Julienne akajua mumewe ameketi. Alijifunga kitenge, akawasha sigiri, akateleka maji. Kasereka alikuwa amekufa tangu msimu wa mvua uliopita, lakini alipenda chai yenye tangawizi nyingi, na kifo hakikumbadilisha katika hilo.

Alikuwa mzito. Miaka yote aliyovunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi katika karakana ya Okot kule Katwe, ile risasi ilikuwa ikimwingia mifupani. Kaburini mwili ulipungua, risasi haikupungua. Sakafu ilikuwa imebonyea pale alipozoea kuweka miguu, na Julienne alitandika mkeka juu yake ili asione aibu. Siku za msiba, aliposema mumewe ameuawa na risasi, majirani walidhani ni ya bunduki, wakamletea mkungu wa matoke kama mjane wa askari. Alipowaeleza kuwa ni risasi ya betri, walisema matoke yabaki tu.

"Baba Heritier," alisema, "leo wanapima uchafu kule kazini. Twende wote."

"Mimi nina kazi gani kule?"

"Kusimama tu."

Heritier, mtoto wao wa kwanza, ndiye aliyeshika nyundo ya baba yake. Tumbo lilikuwa likimsokota, na mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, kama ilivyomwanza baba yake, kwa hiyo mama yake alimjazia kikombe nusu tu. Ni yeye aliyeleta habari kwamba Okot amemwita mshauri, Bi. Nabangala kutoka Bungoma, aje amwambie karakana yake iko katika daraja gani. Taka zote za hatari zinazotokana na kazi ya mwezi zingepimwa kwa pamoja. Zisipofika kiwango, karakana ni ndogo, na inatakiwa tu kuzifunika vizuri. Zikikipita, ni kubwa: lazima ijenge tangi la saruji, inunue barakoa za kweli, na wafanyakazi wapimwe damu. Tangu siku hiyo Julienne aliomba karakana iwe kubwa.

Mwenye bodaboda wa kwanza alimtazama Kasereka, akatazama tairi lake, akaomba radhi. Walikwenda kwa miguu, polepole.

Walipofika, kazi ilikuwa inaendelea. Bi. Nabangala alikuwa akizunguka na Okot, akiuliza swali lile lile mbele ya kila lundo.

"Hii unaitaka?"

"Hiyo mimi nataka. Nitayeyusha tena."

"Basi si taka. Na hii?"

"Hiyo maji ya asidi? Hiyo sitaki kabisa."

Ikapimwa. Walipomaliza, mizani ilikuwa imekaribia kiwango, ikabaki kidogo tu. Okot alishusha pumzi. Ndipo alipomwona Kasereka mlangoni.

"Ee, mzee! Kumbe huko wanakula vizuri. Umenenepa!"

"Ni mali yako hii, bosi," Kasereka alijibu. "Nimekurudishia."

Wote walicheka, Kasereka pia. Okot alimwagiza mtu soda. Hakuwa mtu mbaya. Jeneza alilinunua yeye.

Julienne alimwomba Bi. Nabangala ampime na huyu, kwa sababu naye alitokana na kazi ya pale. Bi. Nabangala alifikiri, akakubali kwamba ni haki. Alitandika kipande cha boksi safi juu ya mizani, akamshika Kasereka kiwiko akipanda. Mshale ulikwenda hadi mwisho, ukatulia. Bi. Nabangala aliandika kwa penseli.

"Bwana Okot, huyu unamtaka?"

Okot alikuna kichwa. "Alishatoka kwa kazi. Kusema kweli, mimi sitaki yeye."

"Basi karakana ni kubwa," alisema Bi. Nabangala. "Ila lazima niulize mara moja. Kuna mwingine yeyote anayemtaka?"

Nyundo zilinyamaza. Julienne alielewa kwamba hahitajiki kufanya lolote ila kufunga mdomo. Heritier alikuwa amesimama karibu na tanuri, mikono kaificha mifukoni. Hakumwangalia mama yake, ili asimlazimishe. Kasereka alisimama juu ya mizani, mgongo wima, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, akingoja aambiwe ashuke.

"Mama," Bi. Nabangala alisema kwa upole, "nikisikia kimya, naandika kimya."

Julienne alimtazama mwanawe. Kisha akamtazama mumewe, peke yake juu ya lile boksi.

"Mimi namtaka," alisema.

Bi. Nabangala alitoa kifutio, akafuta, akapuliza vumbi lake kwa uangalifu. Alimshika tena Kasereka kiwiko akishuka. Karakana ilikuwa ndogo. Okot alisema ataleta turubai la kufunikia yale mapipa. Heritier alifunga kitambaa chake puani, akachukua nyundo, akakaa mbele ya betri iliyofuata.

Julienne alimsindikiza mumewe hadi kwenye mtaro wa maji, mahali alipozoea kuagana naye. Alimpangusa begani masizi ya tanuri. Alitaka kumwomba msamaha, lakini Kasereka alikuwa amemshika mkono, na mkono ule ulikuwa mzito sana.

"Umefanya vibaya," Kasereka alimwambia, bila ukali.

"Najua."

Kule nyuma nyundo iligonga, ikapumzika, ikagonga.

"Ukuye tena, Baba Heritier," Julienne alimwalika kwa Kiswahili cha kwao. "Hata kesho, ukuye."