Mazishi ya Kuigiza

Mama Wabuge alikataa kumpa Hezron chai. Alimtazama akishuka kwa ile gari nyeupe pale njia panda ya Kapseret, akamwacha aketi kwenye benchi la kibanda chake, akamwacha hata aagize chai na mandazi, kisha akashika kiuno.

"Wewe," akasema. "Mama yako mzazi umemfungia kwa nyumba ya mfanyakazi, analala njaa, halafu unakuja kwangu kuomba chai? Enda ukunywe maji ya mtaro."

Wueh! Kibanda kizima kiliangua kicheko, maana hakuna asiyemjua Hezron, yule tajiri mbaya wa kipindi cha jioni anayefanya watu waitukane TV. Lakini mwigizaji mwenyewe, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Irungu, hakukasirika. Alivua kofia, akapiga goti pale vumbini. "Mama, nisamehe. Nitamfungulia, haki ya Mungu, nitamfungulia." Nelima, ndilo jina la Mama Wabuge, alicheka mpaka chai ikamwagika. Na nasema alicheka kwa sababu wanaomjua watakuambia hakuwa amecheka tangu kijana wake apotee.

Wabuge alikuwa mtoto wake wa pekee, na babake alishafariki. Aliendesha boda boda, na pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya baba yake mdogo, Elphas. Siku ya soko la Ziwa alibeba abiria asiyemfahamu, na huo ukawa mwisho wake wa kuonekana. Pikipiki haikurudi, simu haikushikwa tena. Nelima alizunguka hospitali zote mpaka Plateau, akafunguliwa mochari moja baada ya nyingine, akatazama watoto wa watu wengine. Polisi waliandika maelezo wakipiga miayo. Naye Elphas, mtu wa mdomo kama nini, siku hizo za kwanza alisimama hapo hapo njia panda mbele ya watu akasema akimpata huyo kijana atamtafuna mzima mzima kwa ajili ya pikipiki yake.

Baadaye moyo ulimlainika, lakini ukalainika kwa upande mbaya. Akaanza kusema azikwe. Kwa watu wao, aliyepotea na mwili usipatikane hukatiwa mgomba, mgomba ukafungwa blanketi, ukazikwa kwa jina lake, ili apumzike na waliobaki wapumzike. Kila Elphas alipogusia habari hiyo, Nelima alimjibu kwa ukali.

"Mimi sikuzaa mgomba, shemeji. Mtoto wangu aliibiwa pikipiki, akaogopa huo mdomo wako, akatoroka. Siku atasikia umemsamehe, atarudi."

Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake, na hakuwa na lingine. Watu walimhurumia mbele yake na kutikisa kichwa nyuma yake.

Sasa hawa watu wa TV walikuwa na shida yao. Mwongozaji wao, msichana mwembamba anayeitwa Ciru, alikuwa anatembea barabarani na simu sikioni akilalamika. Shamba walilokuwa wamekubaliwa kurekodia karibu na hapo, mwenyewe alikuwa amebadilisha nia asubuhi hiyo. Alikuwa amesikia kwamba kuna kaburi litachimbwa, la ndugu yake Hezron kwenye hadithi, akawafungia geti. Hakuna mtu mwenye akili timamu huku kwetu anayekubali kaburi lichimbwe kwa boma lake na hakuna aliyekufa. Lakini watu wa Nairobi ungewaambia nini?

Nelima aliyasikia yote akichochea moto. Akamtazama Irungu akila mandazi. Akawaza: nchi nzima inamtazama huyu mtu kila jioni. Popote alipo Wabuge, iwe Mombasa, iwe mpakani, kuna kahoteli na kuna TV ukutani.

"Kwangu kuna nafasi," akasema. "Pesa sitaki. Nataka picha ya mtoto wangu ionekane kwa hicho kipindi chenu. Muitundike ukutani ndani ya nyumba ya Hezron, watu waione. Na muandike chini, Wabuge rudi, mambo ya pikipiki iliisha."

Ciru alisema ataona. Watu wakubwa husema wataona. Lakini Irungu aliinuka akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama, mimi mwenyewe nitahakikisha." Na aliposema hivyo alimaanisha, kijana wa watu, simnyimi haki yake.

Jioni Elphas alikuja akihema. "Kaburi halichimbwi bure, mke wa ndugu yangu. Likifunguka linataka kula."

"Boma ni langu," Nelima akamjibu, "na hiyo shimo nitaifunika na hizi mikono."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema, na mara nyingi tunasema kwa raha mbaya. Mimi sina raha. Mngekuwa nyinyi mmepotelewa na mtoto, mngefanya nini?

Wakaja na magari yao, nyaya zao na miavuli yao. Shimo likachimbwa nyuma ya jikoni, likanyooshwa kando vizuri kabisa. Majirani waliajiriwa kulia, na mbele yao alikuwa Aluoch, jirani wa ukuta kwa ukuta na Nelima, ambaye kulia hakufundishwa na mtu. Asubuhi yote akina mama hao walikuwa wakicheka na kusukumana, wakiulizana nani ana machozi ya kukopesha. Nelima alikuwa jikoni anapikia kikosi kizima chai, roho imetulia, kwa sababu picha ya Wabuge alikuwa ameshaikabidhi kwa Sharon, msichana wa kupamba nyumba na kupanga vyombo. Ilikuwa picha nzuri, Wabuge amevaa shati la bluu, anacheka na meno yote.

Kumbe mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na Ciru akaamua kile kipande cha ndani ya nyumba, ambamo picha ingetundikwa, kisirekodiwe tena. Kaburi kwanza, kabla mvua inyeshe. Halafu ikaonekana kwamba picha ya marehemu, ile ya kuwekwa juu ya jeneza, ilisahaulika Nairobi. Sharon akafikiri kidogo. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linaloumiza. Mama alitaka picha ionekane, na mahali pa kuonekana vizuri kuliko pote ni juu ya jeneza. Akaifutia vumbi, akaizungushia maua, akaiweka.

Akina mama wakaitwa walie. Aluoch alifika wa kwanza, mdomo wazi tayari kwa nduru ya uongo, akaona uso wa Wabuge juu ya sanduku. Mdomo ukabaki wazi. Akageuka akatazama jikoni moshi ukitoka, akadhani ameelewa. Alidhani Nelima amechoka. Alidhani ameshindwa kusema kwa kinywa chake, ndiyo maana ametafuta njia hii, awaache hao wageni waigize mazishi yao lakini amzike mwanawe pia. Basi Aluoch akalia. Akamlilia Wabuge kwa jina, kijana aliyembebea mtoto hospitalini kwenye mvua na kukataa nauli. Na wenzake, kila mmoja na Wabuge wake, wakafuata.

Nelima alisikia jina. Alitoka na kijiko cha chai mkononi, akaona, na sauti iliyomtoka sijui niielezee vipi.

"Yuko hai! Toeni hiyo picha! Mtoto wangu yuko hai!"

"Msikate," Ciru alinong'ona kwa mwenye kamera. "Ngai, Mungu wangu, msikate."

Kamera ikamfuata Nelima akikimbia, akianguka, akilikumbatia jeneza lisilo na kitu, akiinyakua picha. Hezron alisimama kando ya kaburi machozi yakimtiririka, na hayo hayakuwa ya Hezron. Ni yeye aliyemuinua. "Mama, pole, pole sana. Hii haitaonyeshwa. Nitawaambia waitoe."

Walipotaka kulifukia shimo na kwenda zao, Elphas alikanyaga jembe. Nyuma yake walikuwa wazee wa ukoo, wameitwa na hicho kilio.

"Hamtafukia shimo tupu."

"Mzee, ni maigizo tu," Irungu akasema.

"Wewe ulikuwa unaigiza," Elphas akamjibu, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Hawa wamama hawakuwa wanaigiza. Kaburi imechimbwa, jeneza imeletwa, mtu ameliliwa kwa jina lake mbele ya mama yake. Ukiiacha hivyo itatafuta mwingine. Leo Aluoch, kesho mtoto wa Aluoch. Utakuwa Nairobi wewe."

Nelima alipigana. Aliwasukuma, aliwatukana kwa lugha ya kwao, akaingia mwenyewe ndani ya shimo akakaa. Ni Aluoch aliyeshuka kumfuata, akapiga magoti kwenye udongo mbichi. "Mama Wabuge, niko na watoto wadogo. Nisamehe, nililia nikidhani umekubali. Lakini nimeshalia." Nelima akampa mkono, akatolewa.

Wakakata mgomba wa nyuma ya jikoni, ambao baridi ya Kapseret haikuwahi kuuacha uzae. Wakaufunga blanketi. Watu wa TV walisimama mbali wamevua kofia, na hakuna aliyerekodi. Elphas alisema, "Wabuge, lala. Usitusumbue, na sisi hatutakutafuta tena." Akarusha udongo, na mama akaambiwa naye arushe, akarusha.

Kipindi hicho kilionyeshwa mahindi yakiwa yamekomaa. Nelima hakutazama. Aluoch alimwambia ukweli, kwamba picha ilijaa TV nzima, na Aluoch mwenyewe alionekana akilia. Irungu alikuwa ametuma ujumbe mapema: amepigana nao, wamemshinda, wanasema hakuna kilio kama kile, anaomba msamaha. Nelima hakumchukia. Hakuwa na nguvu za kumchukia mtu.

Kisha siku moja, mvua za kwanza zikianza, akaja Kipkirui, dereva wa lori wa huku huku Kapseret, ambaye zamani Wabuge alikuwa akimpeleka stendi. Aliketi kwenye benchi, akamwekea Nelima pakiti ya sukari mezani, kama mtu anayeenda matangani.

"Mama, pole. Nilikuwa safarini, sikuzika. Niliona kwa TV." Akakoroga chai. "Unajua dunia ina vituko. Juzi juzi nikiwa Malaba mpakani kuna kijana alinioshea lori, amefanana na Wabuge mpaka nikaogopa. Amekonda tu, na ndevu. Nikamwambia, wewe umefanana na marehemu fulani wa kwetu. Akaniuliza marehemu gani. Nikamwelezea ile mazishi yote."

Nelima aliweka birika chini. "Akasema nini?"

"Aliweka ndoo chini. Halafu akaniuliza kama mama alikuwepo. Nikamwambia alikuwepo, alilia mpaka akaanguka kwa jeneza. Akauliza kama Mzee Elphas alirusha udongo. Nikasema alirusha, si hapa kila mtu anajua? Akasema basi, ni sawa, kama wamemaliza wamemaliza. Akachukua ndoo yake."

Kipkirui aliinua kikombe, akakishikilia hewani. Uso wake ulibadilika polepole. "Mama," akasema, "mimi jina la Elphas sikuwa nimelitaja."

"Yuko wapi?"

"Nimepita hapo jana kuoshewa lori, sikumkuta. Wenzake walisema aliondoka siku ile ile. Alidandia lori ya kuingia Uganda, na kule mbele lori zinaenda mpaka Kongo. Hakuacha namba."

Aluoch akiwa nyumbani kwake alisikia nduru ya Nelima, akaja mbio bila viatu. Alimkuta Nelima chini, kati ya benchi na moto, na Kipkirui amesimama juu yake hajui mikono yake aiweke wapi.

"Nani amekufa?" Aluoch akauliza. "Mama Wabuge, ni nani amekufa?"