Mwanzi Wenye Taa

Norbert alikuwa seremala mzuri, hilo hata adui yake angelikubali, lakini ukaidi wake, jamani, ungetosha kutengenezea meza na viti sita. Mwaka wa 1999 wenye bunduki walipita Baraka wakivuta nguo za watu madirishani kwa kijiti chenye ndoana. Kesho yake Norbert akachukua matofali ya udongo, akaliziba dirisha la chumba cha nyuma mpaka juu. Simlaumu. Ndimo ilimokaa cherehani ya mke wake, Godelieve, na ndimo zilimoning'inia nguo za wateja kwenye kamba. Wenye bunduki walirudi mara mbili na hawakuona kitu. Shida ni kwamba mwenye nyumba naye hakuona kitu.

"Baba Guy, unifungulie hata katundu kadogo," Godelieve alimwomba.

"Katundu ya leo, kesho ni mulango ya mwizi."

Miaka mitatu jibu ni lile lile. Basi Godelieve alisogeza cherehani karibu na mlango, akaushona ule mwanga mwembamba pamoja na vitambaa. Nguo iliyokwisha aliipeleka kambani gizani, na siku ya kuitoa aliipapasa. Aliwahi kuingia na koroboi mara moja, ikaunguza pindo la gauni la mtu, akakoma. Vidole vyake vikajifunza kuona. Na kwa vidole hivyo nyumba ilikula. Nani ananunua kabati wakati wa vita, alibebe kichwani akikimbia? Lakini nguo inapasuka hata porini, na aliyerudi kutoka porini anataka kushonewa. Hayo Norbert aliyajua vizuri, ila kuyasema, ndipo ulimi ulipokuwa mzito.

Mwaka wa 2002 Guy, mtoto wao wa kwanza, akapata mchumba: Fanny wa Swima, binti wa mzee Raphaël, mvuvi wa ndagala. Na mahari, popote utakapoulizia huku kwetu, haijawa mahari bila koti ya baba na liputa, kile kitenge cha kujifunga, ya mama. Wengine hununua. Godelieve akasema koti ya mkwe wake ataishona mwenyewe, na akaishona, ya kijani nzito, yenye mifuko mitatu.

Asubuhi ya safari mtumbwi ulikuwa tayari, watu wanaita, kapu za mihogo zinapita juu ya vichwa. Godelieve akaingia chumbani mbio, akapapasa kamba, akashika ukosi wa koti, akaikunja ndani ya kitambaa cheupe, akatoka. Basi.

Kule Swima mambo yalikwenda vizuri mpaka ukaona raha. Mzee Raphaël akasimama mbele ya watu, akaingiza mkono wa kuume, akaingiza wa kushoto, koti ikamkaa kama iliyozaliwa naye. Bamama wakapiga vigelegele, Godelieve akiwa nyuma yao haoni kitu ila migongo. Na hapo katikati ya vigelegele Marthe, jirani aliyekuja na upande wa muoaji, akaweka mikono kichwani.

"Jamani! Ile koti ni ya bwana yangu!"

Bwana yake, Isidore, alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma. Marthe alikuwa ameileta koti yake kwa Godelieve ipunguzwe, imwenee mtoto wao. Ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ile ile, ubavuni kwa koti ya mkwe.

Uniambie sasa. Kumvalisha mkwe aliye hai koti ya marehemu, siku ya mahari, mbele ya ukoo wake mzima! Ni kama kumwambia: na wewe jiandae, tutakuzika. Mzee Raphaël aliivua polepole, kama mtu anayevua shati lenye siafu. Hakutukana. Wazee wake nao hawakutukana, na kwa hilo Norbert alimshukuru Mungu palepale, maana miaka ile ugomvi ulianza kwa mambo madogo kuliko koti. Walikwenda pembeni, wakarudi na neno moja.

"Mukono ule uliokosa, njo ule utatengeneza," akasema mkubwa wao. "Tunangoja mwezi ujae, bavuvi bapumzike. Koti mupya ikikuja, si ile iliyolala ubavuni kwa ya marehemu, imeshonwa na mama yule yule, harusi iko. Isipokuja, Fanny ni mutoto wetu, atabaki kwetu."

Hukumu ya heshima kabisa. Ingekuwa nyepesi pia, kama Godelieve angekubali kushona.

Hakukubali. Walipofika nyumbani alifunika cherehani kwa gunia, akaufunga mlango wa chumba, akakaa uani kumenya mihogo. Guy akaenda Kazimia kutafuta kitambaa kingine, akakipata, akakileta mbele ya mama yake kwa mikono miwili. Godelieve hakukigusa.

"Mukono yangu iko na mukosi," akasema. "Imemuvalisha mutu kifo. Nikigusa tena koti ya mukwe, atakufa kweli, na batasema ni mimi. Siingie tena mu ile chumba, Baba Guy. Usiniombe."

"Lakini Mama Guy, mutoto..."

"Usiniombe, nimesema!"

Guy alikula nusu sahani na kutoka. Siku zikaenda, mwezi ukaanza kama kipande cha ukucha, na Norbert akawa anautazama kila jioni akiuchukia. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuja kukaa mapajani pake. Nani aliyeziba dirisha? Nani aliyeombwa katundu miaka mitatu? Mkono wa mke wake ulikuwa mzima. Lakini nenda ukamwambie hivyo mwanamke aliyeogopa. Maneno hayakutosha, ilibidi aone kwa macho. Na dirisha halikuweza kufunguka, maana bunduki bado zilipita njiani.

"Basi chumba kitapata jua lake chenyewe," Norbert akajiambia, akaingia kazini.

Kwanza alifunga taa moja ya tochi juu, kwenye boriti. Ujinga mtupu. Nguo ya kwanza ilimeza mwanga wote, za nyuma zikabaki usiku. Akakaa chini akafikiri: nguo zinajificha zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo nuru lazima itoke palepale zinaponing'inia, ishuke katikati yao. Kamba haiwezi kubeba taa. Inatakiwa fimbo, na taa ziwe ndani ya fimbo.

Alichukua bomba la chuma la kitanda kilichokufa, akalitoboa kwa chini, akapanga glopu tatu, vile vitaa vidogo vya tochi. Chuma chenyewe akakifanya njia moja ya umeme, ili aokoe waya. Akajiona mhandisi mkubwa wa Kongo yote! Lakini sentre zetu za kutundikia nguo hatuzinunui, tunazikunja wenyewe kwa waya wa chuma. Sentre ya kwanza ilipoteleza ikagusa bomba na waya wa taa kwa pamoja, glopu zikazimika, mawe ya tochi, betri zenyewe, yakawa moto hata hayashikiki, na moshi ukatoka. Norbert aliyatupa uani akipuliza vidole.

"Unachoma nyumba sasa?" Godelieve akauliza bila kuinua uso kwenye mihogo.

"Napika," akajibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na mbili Godelieve aseme neno bila kuulizwa. Norbert alifurahi kama aliyepewa zawadi, vidole vikiwaka.

Ndipo akakumbuka mwanzi. Ulikuwa umelala juu ya paa la karakana tangu kabla ya vita ya kwanza. Alipewa na Twagirayezu, mfugaji wa kule milimani, aliyekuwa akishuka na ng'ombe soko la Lubondja. Norbert alimtengenezea mlango, na yule bwana akaongeza mwanzi mmoja juu ya malipo, mnene kama mkono wa mtu mzima. "Huu hauoze," alimwambia. Kisha vita ikaja, ikafundisha watu kutosalimiana, na Norbert hakumwona tena. Sasa aliushusha, akaugonga, ukalia kavu. Mwanzi haubebi umeme. Mwanzi una tundu lake la kuzaliwa. "Twagirayezu, popote uko, Mungu akulinde na batu ba nyumba yako," alisema kwa sauti, na kama kuna aliyesikia, shauri yake.

Akautoboa vifundo vya ndani kwa chuma cha moto. Chini yake akapasua mfereji mwembamba, wa upana wa kidole, ambao sentre zinauvuka juu bila kuingia. Glopu akaongeza mpaka tano, zikae ndani kabisa, zisiguse nguo. Mbili zilitoka kwa tochi ya mchungaji wa kanisa iliyovunjika. Mawe manne Guy alikuwa ameyaomba kwa rafiki, yamechoka, na Norbert akayaanika juu ya bati mchana kutwa mpaka yakapata nguvu. Mlangoni akagongomea vipande viwili vya bati: mlango ukifungwa vinaachana, ukifunguliwa vinagusana, taa zinawaka. Mawe hayaliwi bure. Lakini mwanga ulikuwa bado mnyonge, unahitaji kitu cha kuusukuma chini.

Marthe ndiye aliyekileta. Alikuja na karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za majani ya chai, ameinyoosha kwa ukucha.

"Nimesikia unatafuta kintu ya kungaa," akamwambia Norbert. Kisha akamgeukia Godelieve kule uani, akachuchumaa mbele yake. "Mama Guy, unanikimbia sababu gani? Mi sikukasirika. Kule Swima niliona koti ya bwana yangu inatembea, ina mabega ndani. Nilifurahi kabla sijalia. Kweli ya Mungu."

Godelieve aliacha kisu, akamshika mkono. Marthe alipoondoka alikwenda na bakuli la mihogo, nusu yake haijamenywa.

Zilibaki siku tano mwezi ujae. Norbert alibandika ile karatasi ndani ya mwanzi, akaupachika ukutani hadi ukutani juu ya cherehani, akatundika nguo zote moja moja. Kisha akatoka uani, saa nne asubuhi, akasimama mbele ya mke wake na kofia mkononi.

"Mama Guy, sikuombe kushona. Nakuomba ufungue mulango, tu."

Alimtazama sana. Nafikiri ni ile kofia iliyomshinda, maana Norbert haivui hata kanisani mpaka akumbushwe. Aliinuka, akajifuta mikono, akausukuma mlango kwa ncha ya vidole.

Chumba kikawaka. Si sana, usifikiri ni mji wa Bujumbura! Lakini mwanga ulishuka kutoka mwanzini ukaingia kati ya nguo na nguo, na kila moja ikasimama na rangi yake: gauni la manjano, liputa za kwaya, suruali ya kaki. Godelieve akabaki mlangoni ameshika mdomo. Kisha macho yake yakafika mwisho wa mwanzi, pale zilipokuwa koti mbili, ya Isidore na ile aliyoishona kwanza. Akaingia. Akashika moja kwa mkono huu, nyingine kwa mkono ule.

"Ona, hii ni nyeusi," akasema. "Na hii ni rangi ya majani. Baba Guy! Hazifanane hata kidogo!"

"Hazifanane."

"Hata mutoto angejua!"

"Hata mutoto. Mama Guy, haikukuwa mukono yako." Ulimi ule mzito ulianza kutetemeka, lakini aliusukuma. "Ilikuwa matofali yangu. Uliniomba katundu miaka tatu, nikakunyima. Na miaka hii yote ya vita tulikula sindano yako, mimi na batoto, na sijakwambia hata siku moja aksanti. Leo nakwambia. Aksanti, Mama Guy. Unisamehe."

Godelieve alilia. Alilia amesimama katikati ya nguo za watu, na Norbert hakujua aweke wapi mikono, akaishika tu kofia yake. Halafu kilio kikakatika ghafla. Mke wake alikuwa akimtazama kifuani, amekunja uso.

"Kuja hapa kwa taa."

Akasogea.

"Geuka." Akageuka. "Ee Mungu wangu! Hii shati nilikushonea lini?"

"Noeli ya mwaka juzi."

"Mufuko imepanda upande! Kola iko na sikio moja fupi! Na umeivaa kanisani, mbele ya batu, na umenyamaza?"

"Nilifikiri njo mutindo ya sasa," akasema Norbert.

Ndipo Godelieve alipocheka. Alicheka akijishika mbavu, machozi bado mashavuni, akaegemea cherehani mpaka gunia likadondoka, na Guy aliyekuwa nje alisikia akaja mbio akidhani mama yake ameanguka. Akawakuta chini ya zile taa tano, baba yake yuko kifua wazi, mama yake ameshika shati na mkasi, anafumua mfuko.

"Unasimama kuangalia nini?" Godelieve akamwambia. "Leta kitambaa ya mukwe wangu. Siku tano ni kidogo."

Guy alipiga magoti palepale mlangoni, akamshukuru mama yake kwa kupiga makofi taratibu, jinsi wakubwa wanavyoshukuriwa, kisha akakimbia kukileta.