Mwalimu Anafahamu

Walburga alikuwa amechoka mpaka kuchoka kwenyewe kukawa kunamchosha. Chini ya kwapa alikuwa na uvimbe. Wakati wa Noeli ulikuwa kama punje ya kahawa, na sasa Kwaresma ikielekea mwisho umefikia yai la kuku wa kienyeji. Nesi Tadea wa zahanati alikwisha kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, akamwonya: "Mama, usichelewe. Wala usiende peke yako. Watakulaza, na wodini lazima uwe na mtu wa kukupikia na kukufulia." Barua ilikuwa sandukuni, imekunjwa ndani ya kitenge. Mtu wa kwenda naye ndiye aliyekuwa tabu.

Mtu mwenyewe alikuwepo, tena hapo hapo mezani: mumewe Vitalis, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mwaka wa ishirini na sita huu akila vumbi la chaki. Jamani, mwanamume yule alipenda maneno! Alikuwa anaandika kijitabu cha wanafunzi wa kidato cha nne, na sura iliyomganda ilikuwa ya maneno ya Kiingereza ya kufahamu. Kila jioni Walburga akisonga ugali, yeye anamsomea.

"Mama Asteria, sikiliza hili. 'Aware.' Waingereza wa kale walilitumia kwa mtu aliye macho, anayelinda, anayejihadhari. Ndugu yake ni 'beware,' lile la kwenye kibao cha mbwa mkali. Siku hizi limepoa. Mkubwa akiambiwa paa la ofisi linavuja, anajibu, 'I am aware,' na karani anaendelea kulowa." Akacheka peke yake. "Lakini 'conscious' asili yake ni Kilatini. Mwanzoni lilikuwa kujua jambo pamoja na mwenzako. Humo humo ndimo lilimotoka 'conscience,' dhamiri. Sasa madaktari wanalitumia kwa mgonjwa ambaye hajazimia."

Walburga aliishia darasa la saba kule kwao Lundo, ziwani, lakini hayo yote aliyaelewa, na lile la kujua pamoja alilipenda hasa. Ila lilimshangaza jambo moja: mtu kujua habari za Waingereza wa kale, asijue za mtu anayemwekea mboga sahanini.

Maana alimwambia. Mara tatu! Mara ya kwanza ilikuwa Januari: "Mwalimu, nina uvimbe." Akajibu bila kuinua kalamu, "Nafahamu, mama." Mara ya pili alimweleza habari za barua ya nesi. "Nafahamu, nafahamu." Mara ya tatu ilikuwa Jumatano ya Majivu, wametoka kanisani na majivu bado yako usoni, akamwambia anaogopa. Mwalimu akamshika bega, akasema kwa upole kabisa, "Nafahamu," halafu akamuuliza kama ameiona miwani yake. Basi Walburga akafa moyo. Kusema mara ya nne ilikuwa ni kubembeleza, na nguvu za kubembeleza hakuwa nazo tena.

Huku Umatengo shamba la ngolo halilimwi na mtu mmoja. Mwanamume anafyeka majani, anayaacha yanyauke, kisha anayapanga miraba miraba shamba zima. Mwanamke anakuja nyuma na jembe, anachimba shimo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa ule udongo, maharage yakae juu ya tuta. Mwalimu, pamoja na vitabu vyake, hiyo kazi hakuikwepa. Alipanga majani Jumamosi mbili, yakanyooka kama mistari ya daftari. Na tangu hapo Walburga alitoka kila asubuhi na jembe begani, akafika shambani, akakaa chini. Hakuchimba hata shimo moja. Mkono ulikuwa mzito, ni kweli, lakini hata ungekuwa mwepesi asingechimba. Aje mwenyewe aone! Mwanamume gani wa huku anamaliza wiki nzima bila kwenda kutazama ngolo za mkewe?

Wanawake waliopita njiani walimwona, wakajitia hamnazo. Moyoni walisema ngolo zimemshinda huyu mtu wa ziwani. Aliwaacha waseme.

Wiki ya kwanza mumewe hakuja. Ya pili hakuja. Jioni anauliza, "Shamba linaendeleaje?" Anajibiwa, "Lipo," naye anaridhika na kurudi kwenye karatasi zake. Wiki ya tatu jirani yao Kunigunda alimfuata shuleni, akamwambia mbele ya walimu wenzake kwamba shamba lake linatia aibu. Ndipo Mwalimu akaja mbio, na viatu vyake vya shule, amefura.

"Mama Asteria! Nini hiki? Majani yanaoza! Maharage tutapanda lini? Wiki tatu unatoka na jembe, unakuja kufanya nini huku?"

Walburga hakunyanyuka. "Kukungoja."

"Kuningoja mimi? Kama kazi imekushinda, kama unaumwa, kwa nini hukuniambia?"

Loo! Uchovu wote ulimpanda kichwani, ukageuka hasira. "Nimekwambia mara tatu! Ulitaka nikwambie kwa Kilatini? Nina uvimbe, nikasema. Nina barua, nikasema. Naogopa, nikasema. Ukanijibu unafahamu. Haya, kama unafahamu, niambie uvimbe uko upande gani!"

Mwalimu akautazama mkono wake wa kulia, akautazama wa kushoto. Hakujua. Walburga alimwona anavyohangaika, akamwonea huruma, na huruma yenyewe ikamchosha zaidi.

Mwalimu akavua koti, akaokota jembe, akaanza kuchimba mraba wa kwanza, kazi ambayo mwanamume wa ukoo wao hajawahi kuonekana akiifanya. Alichimba vibaya, udongo unaruka kila upande.

"Liache hilo jembe," Walburga akasema. "Sikuwa nangoja mchimbaji. Njoo hapa."

Alimshika mkono, akauingiza chini ya blauzi, kwapa la kushoto. Vidole vikagusa, vikasimama pale pale. Miwani ilimteremka Mwalimu puani, wala asiipandishe.

"Unauma?" akauliza hatimaye.

"Hauumi," Walburga akasema. "Hata kidogo. Nesi alisema afadhali ungeuma."