Emma Yupi

Simu ilipoita, Emma Keji alikuwa amejifunika shuka gubigubi, akivuta mvuke wa majani ya mwarobaini ambayo shangazi yake alikuwa amemchemshia. Mafua yalikuwa yamemkaba wiki nzima. Akatoa mkono nje ya shuka, akapapasa mkekani mpaka akaipata simu.

"Huyo ni Emma?" akauliza mwanamume.

"Ndiyo."

"Naitwa Apollo, wa studio. Umepata kazi. Uje Jumatatu asubuhi."

Simu ikakatika. Emma akabaki ndani ya shuka, jasho likimtiririka, hajui kama amesikia sawasawa.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Alizaliwa Arua, upande wa Uganda, wakati wazazi wake wakiwa wakimbizi huko, na Kiswahili alikiokota katika soko la mji ule kabla hajaanza shule. Sasa aliishi New Site, Juba, kwa shangazi yake Ketty, ambaye aliuza mitumba katika soko la Custom. Masomo yalikuwa yamesimama tangu mwaka uliopita, na hakuna aliyesema yataendelea lini.

Habari ya studio aliisikia kanisani. Kulikuwa na watu katika mtaa wa Hai Jalaba waliokuwa wakitengeneza mchezo wa redio kwa Kiswahili, ili wafanyabiashara wa Custom na watu waliorudi kutoka nje wapate kitu cha kusikiliza kwa lugha waliyoizoea. Walihitaji sauti za vijana. Emma alikwenda kujaribu akiwa na mafua yake. Vijana walikuwa wengi, na kila mmoja aliingia peke yake akasoma maneno yaleyale: mtoto anamwambia mama yake kwamba hataki tena shule. Emma alisoma kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa bati. Alitoka akiwa na hakika kwamba ameharibu.

"Kazi ya nini?" shangazi aliuliza jioni ile.

"Ya sauti, Aunti. Kwenye redio."

"Sauti ya kufanya nini?"

"Ya kuzungumza tu."

Ketty alikuwa akikunja mashati. Akaliacha moja mapajani. "Yaani watakulipa uongee. Na humu ndani unaongea bure kutwa nzima."

Jumatatu ilipofika mafua yalikuwa yamekwisha. Emma alipanda boda mpaka Hai Jalaba. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, kuta zake zimefunikwa kwa magodoro ya zamani. Ndani alimkuta Apollo, kijana mwembamba aliyekaa katikati ya nyaya, na Milly, fundi cherehani kutoka Jinja aliyecheza kama mama katika mchezo. Mwenye kazi yote alikuwa Fortunato, mzee wa mvi aliyeishi Kampala miaka mingi, aliyeandika mchezo wenyewe kwa mkono wake. Kila mtu alimwita Ustaz, yaani mwalimu.

Fortunato alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Emma."

"Emma?" Mzee akamgeukia Apollo. Apollo akazitazama nyaya zake. "Siku ile ulikuwa na sauti hii?"

"Nilikuwa na mafua, Ustaz."

Fortunato akatoka nje na Apollo akamfuata. Mlango ulikuwa wa ubao mwembamba. Emma alisikia jina lake likitajwa, kisha likatajwa tena kwa namna nyingine, kama la mtu mwingine. Waliporudi, mzee alivuta kiti.

"Kwes," alisema, neno ambalo Juba nzima hulitumia kusema ni vizuri, lakini yeye alilisema kama mtu aliyeambiwa barabara imefungwa apite kwingine. "Keti, tuanze."

Emma akapewa karatasi za mhusika wake, Lako. Alizisoma, akazigeuza, akazisoma tena.

"Ustaz, huyu Lako ni mvulana."

"Ndiyo. Ana miaka kumi na miwili."

"Mimi ni msichana."

"Kwenye redio nani anakuona?" Milly akamwambia kwa upole. "Njoo karibu na maikrofoni, mwanangu. Ukisimama mbali hutasikika."

Wakaanza. *Mama, mimi siendi tena shule.* Fortunato akamsimamisha.

"Tena. Lakini kama siku ile."

Emma hakukumbuka siku ile alisema vipi. Akajaribu kukwaruza koo. Mzee akatikisa kichwa. Akajaribu polepole. Mzee akafumba macho, wala haikujulikana kama anasikiliza au amechoka. Walilirudia neno hilo moja mpaka likapoteza maana, kama mtu anayetamka jina lake mwenyewe mara nyingi mfululizo. Mwishowe Fortunato akasema, "Itafaa."

Njiani kurudi nyumbani Emma alilichambua hilo neno. Itafaa. Mtu husema hivyo kuhusu kiatu kinachobana kidogo.

Usiku kabla ya kulala alikunywa maji ya barafu. Asubuhi, sauti ilikuwa safi kama kawaida. Jioni iliyofuata Ketty alimkuta amejiziba uso kwa mto, akipiga kelele ndani yake.

"Nani amekuudhi?"

"Hakuna, Aunti. Natafuta mafua."

Ketty akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo kwa muda, kisha akaondoka.

Kazi iliendelea. Kila siku Emma alisoma, na kila siku Fortunato alisema "kama siku ile", au hakusema kitu. Kuna mara Milly alicheka kwa sababu Lako alisema jambo la kuchekesha, na Emma akadhani amekosea. Kuna mara alikosea kweli na wote wakasema iachwe vilevile.

Asubuhi moja Ustaz alikuwa amekwenda kwenye kituo cha redio kupeleka sehemu za kwanza za mchezo. Emma alikuwa amesimama mlangoni akingoja umeme urudi, akaja kijana mrefu mwenye vumbi la unga kwenye mabega.

"Habari, dada. Mimi iko naulizia Ustaz."

"Hayupo. Nimwambie nani alikuja?"

"Emma."

"Naam?" Emma Keji akaitika.

Kijana akamtazama. "Emma," akasema tena.

"Ndiyo, ni mimi. Unataka nini?"

"Hapana. Mimi ndiyo Emma. Emma Waiswa."

Emma Keji alikumbuka Arua, ambako kila Emmanuel aliitwa Emma, na hakuna aliyeona ajabu. Kilichomshtua zaidi ni sauti ya kijana huyo. Ilikwaruza. Haikuwa ya mafua, ndivyo alivyoumbwa.

Waiswa alieleza kwamba mama yake, Prossy, ana duka la unga na maharage huko Custom, naye humsaidia. Alikuja siku ya majaribio. Alipomaliza kusoma, Ustaz alimsindikiza mpaka nje, akamshika mkono, akamwambia watapiga simu. "Simu hakuna," alisema. "Labda wamepiga na mama hakusikia. Mimi nangoja tu."

"Rudi kesho," Emma Keji alisema. "Kesho atakuwepo."

Alipoondoka, Emma aliingia ndani akasimama mbele ya Apollo.

"Uliambiwa umpigie Emma yupi?"

Apollo alijifanya anakaza waya, kisha akauacha. "Ustaz alisema, mpigie Emma. Nikampigia wa kwanza niliyemwona kwenye simu yangu. Sikujua wako wawili."

"Na nilipokuja?"

"Ulipokuja ndipo nikajua."

"Basi alimtaka yule mwingine."

"Hakusema hivyo. Huko nje aliniuliza tu nani amekuja, nikamwambia Emma. Akasema, lakini Emma yupo wa kiume. Nikamwambia na wa kike yupo. Yeye hakuniambia alimtaka yupi na mimi sikumuuliza."

Mchana Ustaz aliporudi, walirekodi Lako akiwa peke yake nje ya nyumba ya mama yake. Akili ya Emma haikuwepo. Alisoma akimfikiria Waiswa na unga wake mabegani, akifikiria kwamba huenda anakula kwenye sahani ya mtu mwingine. Sauti ilimtetemeka, akaruka neno, akalirudia. Fortunato akafumbua macho.

"Hivyo hivyo," alisema. "Usibadilishe."

Emma hakuelewa tena chochote. Alipojitahidi haikufaa, na sasa ameharibu, ndipo anaambiwa asibadilishe.

Usiku kucha alijigeuza. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwambia Waiswa kwamba nafasi zimejaa, na hilo lisingekuwa uongo. Lakini kila alipojiona akisimama mbele ya maikrofoni, alimwona na yule kijana amesimama nyuma yake, akingoja zamu yake. Asubuhi, Waiswa alipofika, yeye mwenyewe ndiye aliyemwingiza ndani.

"Ustaz," alisema, "huyu ni Emma."

Fortunato akavua miwani. "Najua."

"Nataka kujua ulimchagua yeye au mimi. Kama ni yeye, mimi nitakwenda nyumbani."

Mzee akamwambia Apollo awashe rekodi ya siku ya majaribio, ile aliyoipenda. Spika ikakoroma, kisha sauti ikatoka, yenye mikwaruzo, bila haraka: *Mama, mimi siendi tena shule. Usinitafutie daftari. Nimekwisha toka.*

Emma Keji alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikiwa na mafua. "Ni yeye," alisema.

"Si mimi," Waiswa akasema. "Ni dada huyu."

"Mimi siongei hivyo."

"Na mimi siongei hivyo. Mzee, cheza tena."

Apollo akairudia. Milly alisema ni mvulana, hilo liko wazi. Apollo akasema yeye anamsikia msichana, ila si mara zote. Wakaicheza rekodi ya pili, ya yule Emma mwingine, nayo ilikuwa na mikwaruzo ileile. Ikawa vigumu zaidi, maana sasa kila mmoja alijisikia katika zote mbili. Apollo alikuwa ameziandika zote kwa jina moja, Emma, na hakuna aliyekumbuka nani alitangulia kuingia.

"Nimeisikiliza hii kila siku tangu uje," Fortunato alimwambia Emma Keji. "Siku ya kwanza nilidhani Apollo amekosea. Siku ya pili nikadhani hakukosea. Jana uliposoma, nikasema moyoni, ni yeye. Leo asubuhi nimeamka sijui tena." Akaifuta miwani kwa shati. "Nilimtaka mtu anayesema siendi shule kama mtu ambaye tayari ameshaagana nayo. Sasa sijui huyo mtu ni nani kati yenu."

"Basi tufanye nini?" Emma akauliza.

"Sehemu za kwanza ziko redioni. Zinaanza Jumamosi. Lako ni wewe, hilo siwezi kulirudisha nyuma." Akamgeukia Waiswa. "Lako ana kaka yake, yuko Kampala. Atarudi baadaye. Nilikuwa sijamtafutia mtu. Samahani kwa kukungojesha."

Waiswa alijikuna shingo. Hakuonekana kufurahi wala kukasirika. "Mama ataniuliza kama nimepata kazi au nimekosa. Mimi namwambia nini?"

"Mwambie umepata," alisema Milly.

"Ile niliyokuja kutafuta, au ingine?"

Kisha yeye mwenyewe akasema sawa, atakuja, lakini si siku ambazo mzigo wa unga unaingia. Akamshika Emma Keji mkono, akamwita jina lake, na wote wawili wakaona aibu kidogo, kama watu wanaosalimiana kwenye kioo.

Jumamosi Emma hakwenda kusikiliza. Alifua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Ketty alirudi kutoka Custom jua likiwa bado lipo, akaweka furushi lake chini, akaketi juu yake.

"Nimekusikia."

Emma aliendelea kukamua shuka.

"Wanawake wa nyanya walikuwa na redio. Wakasema huyo mtoto amelelewa vibaya, anamjibu mama yake. Nikawaambia ni mtoto wangu. Wakasema, mvulana wako? Nikasema ndiyo. Halafu nikasema hapana." Ketty akavua viatu. "Wakanicheka. Aliposema amekwisha toka, mimi nilisimama. Nilitaka kukuita urudi ndani. Mbele za watu."

"Malesh, Aunti."

"Usiombe samahani. Nakuuliza. Ulikuwa unaigiza, au ulikuwa unasema?"

Emma alilitandaza shuka kwenye kamba, akalivuta pembe moja baada ya nyingine. Alimfikiria Lako. Alifikiria darasa lake la mwisho na mabenchi yake. Alitafuta mahali ambapo kimoja kinaishia na kingine kinaanzia, asipaone.

"Sijui," alisema. "Nikiwa mle ndani huwa sijui."

"Na kazi yenyewe unaipenda?"

"Ninapokuwa pale mbele ya maikrofoni, ndiyo. Nikitoka nje nachanganyikiwa."

Ketty akainuka, akashika upande wa pili wa shuka lililobaki kwenye beseni, wakalikamua pamoja, huyu akisokota kulia na yule kushoto.

"Jumatatu unakwenda?"

"Nakwenda."

"Basi kesho tukitoka kanisani tupitie Custom," alisema Ketty, "uchague gauni moja la kwendea kazini kwenye mitumba yangu. Hilo lako la bluu limechoka."