Filamu Safi za Mkwe

Mkwe alipokaza skrubu ya mwisho alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, kama mtu aliyechimba kisima peke yake. "Mama, mtambo wako huo," alisema. "Sasa sinema za mjini mtazisahau."

Mama Tiketi aliuzunguka mara mbili. Jina hilo alilipata kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikaa mlangoni mwa banda la video akikata tiketi, huku ndani mumewe akishika kipaza sauti. Mumewe naye watu walimwita Kipaza tu. Mama huyu hakuwa mtu wa kusifia ovyo, lakini kitu hiki kilimridhisha. Ilikuwa kompyuta kuukuu ya ofisi, ile nyembamba ya kulazwa, na kibandiko cha "Mapokezi 2" bado kilikuwa kimeganda ubavuni. Mkwe aliiokoa kazini kwao ikiwa inasubiri kutupwa. Akaiongezea kumbukumbu, akaitia diski mbili za ndani, ndogo ya kuiwasha haraka na kubwa ya kuhifadhia filamu. Kisoma-diski akaking'oa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Feni ilipounguruma alikata kandambili mbovu vipande vinne, akavibandika chini ya mashine, kelele zikakoma. Waya mmoja ukaenda kwenye televisheni, mwingine kwenye kisanduku cha intaneti, na kazi ikaisha bila hekaheka.

Kazi za mtambo zilikuwa mbili, na Mama Tiketi alizitaja kwa kinywa chake kabla skrubu hata moja haijaguswa. Ya kwanza ilikuwa kuonyesha vipindi vya mtandaoni, maana mzee alikuwa akishinda kitini. Ya pili, na hii aliirudia mara tatu, ilikuwa kunakili zile diski arobaini na moja za kwenye sanduku la bati kabla hazijaharibika.

Diski hizo zilikuwa Kipaza mwenyewe. Filamu zilikuja na lugha za watu, na wateja wa banda hawakujua hata neno. Basi yeye alikaa kando ya skrini akawasemea wote: shujaa, adui, bibi harusi, polisi, na hata mbwa aliyepita uani kwa bahati mbaya. Aliwapa majina, akawagombanisha, akawavunja watu mbavu mpaka wengine wakarudi kesho yake kutazama filamu ile ile kwa sababu ya mbwa tu. Miaka ya mwisho alizirekodi filamu kwenye diski, maneno yake yakiwa juu. Kisha koo likaugua. Madaktari walimwokoa mtu, sauti wakaiacha kwenye meza ya upasuaji. Sasa ni mwaka wa pili anaongea kwa chaki na kibao cha shule, na ndani ya sanduku la bati kipaza sauti chake kimelala kimezungushiwa taulo.

"Haya," Mama Tiketi alisema, akimsogezea mumewe kiti. "Weka ile ya bwana wa upanga."

Mkwe akabonyeza. Picha ikaja, na kwa kweli ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu nyuzi za kamba kwenye viatu vya mtu. Bwana wa upanga alishuka mlimani. Kipaza aliinama mbele, kiganja sikioni. Mama Tiketi tayari alikuwa anatabasamu, maana hapo ndipo mumewe husema, "Huyu kaka mnayemwona ametumwa chumvi miaka saba iliyopita, ndiyo kwanza anarudi."

Bwana wa upanga alifika bondeni. Akasema maneno yake kwa lugha yake. Chini yakatokea maandishi. Hakuna aliyetumwa chumvi.

"Ongeza sauti," Mama Tiketi alisema.

"Iko juu, mama."

"Mbona simsikii mzee?"

"Mzee gani?"

Mama Tiketi alimgeukia taratibu. "Mkwe. Hii umeinakili kutoka kwenye diski?"

Mkwe akacheka, cheko la mtu anayesubiri pongezi. "Mama, zile zilikuwa na mikwaruzo tupu! Moja inakula nusu saa na mashine inakoroma kama inakata roho. Nikaona kwa nini niwatese? Nikazitafuta filamu zile zile mtandaoni, safi kabisa. Zote arobaini na moja, nimekesha nazo. Tena zenu zilikuwa na kasoro. Kuna mlevi mmoja anapiga kelele juu ya filamu mwanzo mpaka mwisho."

Chaki ya Kipaza ilivunjika mkononi mwake.

"Mlevi," alisema Mama Tiketi.

"Ndiyo, mama. Nikadhani walirekodi ukumbini, mtu akawaharibia."

Hasira ilimpanda Mama Tiketi kutoka nyayoni. Mtu umemtuma kitu kimoja, umekirudia mara tatu, naye anakuletea busara zake! Hivi akili za kuuliza ziliishia wapi? Nani alimwambia kwamba wao walikuwa wanataka picha safi? Picha wameziona miaka ishirini na sita, hata wakifumba macho zinapita.

"Mlevi huyo," alisema, "ndiye aliyemsomesha mkeo. Mlevi huyo ndiye aliyekupokea hapa mlangoni ulipokuja kuposa. Amekaa pale! Mwamkie mlevi!"

Mkwe alimtazama mzee, akaitazama skrini, akamtazama tena mzee. Uso wake ukasawijika. "Mama, wallahi, mimi sijawahi kumsikia akiongea."

Hilo lilikuwa kweli. Alioa mwaka jana, sauti ikiwa imeshaondoka, na alichoambiwa ni kwamba baba mkwe aliwahi kuwa na banda la video. Ukweli huo ulimwongezea Mama Tiketi hasira badala ya kuipunguza, maana ulimnyima mtu wa kumchapa.

"Diski ziko wapi?"

"Nilimpa jirani. Kwa ajili ya nyanya zake."

Mama Tiketi hakungoja maelezo. Alikaza kanga kiunoni akatoka, mkwe nyuma yake akiomba radhi kwa kila hatua. Walizikuta bustanini. Zilikuwa zimetungwa kwenye kamba kupitia tundu la katikati, zinazunguka kwa upepo, zinagongana na kumeremeta kwenye jua kali. Siku tano zimekaa hapo, tangu mkwe alipozichukua kunakili.

"Jirani!" mwenye bustani aliita kwa furaha. "Huyu mkwe wako ana akili. Ndege hawasogei tena."

"Mume wangu si wa kutishia ndege!" Mama Tiketi alimjibu, na tayari alikuwa anakata kamba ya kwanza kwa meno.

Jirani akaleta kisu bila kuuliza. Walizihesabu juu ya kanga: arobaini na moja. Nyingine upande wa rangi ulikuwa umebanduka, ukizielekeza kwenye mwanga unaona mpaka nyuma.

Kesho yake kuanzia asubuhi hakuna aliyetazama kipindi. Mama Tiketi aliziosha moja moja kwa maji ya sabuni, akazifuta kwa fulana ya pamba kutoka katikati kwenda nje kama mkwe alivyomwelekeza, kisha akampa. Mkwe aliingiza, kisoma-diski kikazunguka, kikakoroma, kikaitema. Ya pili, vivyo hivyo. Ilipofika ya ishirini mkwe aliacha kusema pole, maana kila akisema alitazamwa vibaya. Kipaza alikaa kitini mwake bila kuandika neno. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi mkewe: mzee hakukasirika. Alitazama tu diski zikiingia na kutoka, kama mtu anayesoma majina ya waliofeli mtihani.

Alasiri ikabaki moja, ile iliyokuwa imefungwa pembeni, chini ya kivuli cha ukuta. Mkwe aliiingiza akiwa amefumba macho. Mashine ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Halafu picha ikaja, chafu, imejaa miraba, na juu yake sauti nene ya mwanamume ikaijaza sebule.

"Huyu kaka mnayemwona ametumwa chumvi miaka saba iliyopita, ndiyo kwanza anarudi! Na mkono mtupu! Kina mama, mnawajua hawa?"

Mkwe alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama mzee mnyonge aliyekuwa kitini, akaisikiliza ile sauti, akakaa sakafuni. Mama Tiketi aliona machozi yake wala hakuyajali. Alie tu. Ana haki ya kulia.

Dakika tisa. Kwa dakika tisa Kipaza aliongea nyumbani kwake, na chaki ikiwa imetulia mapajani. Bwana wa upanga akafika kwenye nyumba ya adui. "Sasa anabisha hodi," sauti ilisema. "Hajui huyu maskini kwamba ndani, ndani, ndani, ndani..."

Diski ilikwama. Mkwe alijaribu kuirudisha, kisoma-diski kikaitema na hakikuipokea tena.

"Naweza kuendelea na ile safi kuanzia hapo hapo," alisema kwa sauti ndogo. Mkono wake ukabonyeza hata kabla hajajibiwa. Picha ikang'aa, bwana wa upanga akiwa mlangoni, na wote wakaanza kusema lugha yao.

Mama Tiketi hakuweza kuvumilia. Miaka ishirini na sita mlangoni, kila onyesho, kila neno, halafu wageni hawa wajisemee wenyewe ndani ya sebule yake?

"Hajui kwamba ndani mwenye nyumba ameshika mwiko!" alipaza sauti, amesimama, kidole kikielekea skrini. "Karibu shemeji! Ugali haujaiva, utaanza na huu! Na wewe uliyejificha nyuma ya pazia, miguu inaonekana, pazia lenyewe la mkopo!"

Alisema kwa ukali, bila kupumzika, akigombana na kila mtu aliyepita kwenye picha. Katikati ya ugomvi huo mkwe alinyanyuka kimya kimya, akafungua sanduku la bati, akakitoa kipaza sauti kwenye taulo. Alipapasa mbele ya kompyuta ya mapokezi mpaka akapata tundu lake, akakichomeka, akamshikisha mama mkwe mkononi. Akabonyeza, na alama nyekundu ya kurekodi ikawaka kwenye skrini.

Nyuma yao mzee alikuwa anagonga kibao kwa ukucha. Mama Tiketi akageuka. Kipaza alikuwa amekunja uso, na maandishi yake yalikuwa makubwa:

UMERUKA MBWA.

"Sikumruka! Nina mdomo mmoja tu!"

Kipaza alifuta kwa kiwiko, akaandika tena, akamwinulia mkwe.

MBWA ASEMEWE NA MLEVI MPYA.

Mkwe alisoma, akasoma tena. Mama Tiketi hakucheka, alikuwa bado hajamsamehe na hakuwa na mpango huo wiki hii. Alimsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Rudisha nyuma," alisema. "Na ubweke kwa adabu. Zimebaki arobaini."